Nyuma ya Bili ya Maji

Desemba thelathini na moja, saa nne usiku.
Jericho imenyamaza nusu: wengi wako mashambani,
waliobaki wanakaanga kitu chenye vitunguu vingi.
Nimekosa karatasi. Nimegeuza bili ya maji
upande ambao kampuni haikuandika kitu,
nikachonga penseli kwa kisu cha nyanya,
nikaandika: *Malengo*. Nikapiga mstari chini yake,
mstari ulionyooka, kwani miaka thelathini na moja
nilipanga mafaili ya ardhi za watu
na mkono haujasahau rula.

Kwanza niliandika: kupunguza chumvi.
Nikafuta. Hilo ni lengo la daktari.
Kisha: kuezeka nyumba ya Kakamega.
Nikafuta. Hilo lilikuwa la Zablon,
aliyeondoka akiwa amelipia mabati kumi na sita;
nimeyaatamia miaka sita, hakuna kilichoanguliwa.
Kisha: kuwaombea watoto.
Hilo halihitaji penseli.

Karatasi ikaanza kutoboka kwa kifutio,
na mimi, wa miaka sitini na tisa, nikaona haya
kama mtoto aliyeulizwa jina lake darasani
akakumbuka la baba tu.

Maana hakuna aliyewahi kuniuliza.
Malengo yalikuwa karo. Malengo yalikuwa kodi,
yalikuwa viatu vya Mukhwana vifike Agosti,
yalikuwa kuufikia mwisho wa mwezi
bila kuzunguka nyuma ili nisipite dukani kwa Gichohi.
Mwaka ulikuwa gunia: unalijaza, unalishona, unalibeba.
Nani huliuliza gunia linataka kwenda wapi?

Siku yetu ya mfereji ni Alhamisi.
Huamka saa tisa usiku nikisikia bomba likikohoa,
nikajaza mitungi saba, karai, sufuria la harusi,
hata birika, maana huwezi kujua.
Uzito wa lita ishirini naujua kwa goti la kushoto.
Bei yake ya mkokoteni naijua, ya kiangazi na ya masika.
Nimeosha watoto wanne kwa maji ya kikombe,
nikadekia kwa yaliyobaki,
nikanyunyizia sukuma kwa yaliyobaki ya yaliyobaki.

Maisha yangu yote nimebeba maji.
Mwaka huu nataka yanibebe.

Basi nikaandika, kwa herufi kubwa:
KUJIFUNZA KUOGELEA.
Kisha nikatazama mlango kama mwizi.

Nao mlango ukafunguka. Nerea, na maandazi kwenye sahani,
akasoma kabla sijaifunika kwa kiwiko.
"Truphosa! Na hayo magoti?"
Nikamwambia magoti ndiyo yaliyoomba.
"Na utavaa nini, mama mzima?"
Akacheka, akashika ukuta, akajifuta macho kwa leso.
Halafu akakaa. Akamega andazi, asilile.
Nje, mtu aliwasha fataki kabla ya wakati.
"Huko Kasarani," akasema polepole, akiliangalia andazi,
"wanafundisha mmoja mmoja, au hata wawili?"

Saa sita zikagonga kwa honi na masufuria,
kanisa la kona likapasuka kwa vigelegele.
Tulipeana mkono kama wajumbe wa kamati.
Alipoondoka nikaitundika bili kwenye msumari,
malengo yakitazama chumba,
na deni, shilingi elfu moja mia mbili na arobaini,
likitazama ukuta.

Sikulala mahali pangu.
Nilijilaza chali katikati ya kitanda,
mkono mmoja upande wangu,
mwingine upande wa Zablon, ambao sikuwa nimeugusa
ila kwa kutandika.
Nikatanua miguu. Nikalegeza shingo.
Nikavuta pumzi, nikaishika, nikaiachia,
na godoro, nakuapia, likayumba kidogo.

Alhamisi ilikuwa imeshaingia.
Saa tisa bomba likakohoa.
Nikaliacha likohoe kidogo.