Magamba ya Pono

Pale Feri hawaniiti Sikudhani.
Mimi ni Mpara. "Mpara, fanya haraka, pono huyu wa bosi."
Nimekalia ndoo niliyoipindua,
mkononi kipande cha ubao chenye vizibo vitatu vya soda,
na magamba yananirukia hadi kwenye kope,
mapana, kama kucha za dole gumba.

Mnofu una mwenyewe.
Kichwa kina mwenyewe, na mchuzi wake.
Bondo lina tajiri wake, analikausha, analisafirisha, bei hataji.
Magamba hayana mtu.
Hata kunguru wa Kivukoni, ambao sijawahi kuwaona wakichagua,
huyadonoa mara moja, wakayatema.

Wazo halikutoka chuoni. Lilitoka kwenye bakuli.
Usiku ule, Buguruni, supu ya kongoro ililala bila kuliwa;
Haruni alikuwa amenuna,
shuleni wamemwita Mtoto wa Shombo.
Asubuhi nikaikuta imeganda,
inatetemeka kama shavu la mtoto aliyenenepa.
Nikainamisha bakuli. Haikumwagika.
Nikatazama kidole changu:
gamba moja la jana, limekauka hapo, halibanduki.
Nikaliuliza, na wewe je?

Maji saba. Siki kutwa nzima.
Kisha moto wa kuibaiba, mkaa uliofunikwa jivu,
maana likichokota umekwisha,
utapata uji unaonuka gati.
Nikachuja kwa kanga yangu ya harusi.
NILICHOPEWA KINANITOSHA, ndivyo ilivyosema zamani;
sasa imebaki KINANITO,
na maji mazito yakapita katikati ya herufi.

Nikamimina juu ya kioo cha kabati la duka lililovunjwa Keko.
La kwanza liling'ang'ania kioo, nikalikwangua na kulia.
La pili lilipasuka kama tope la Jangwani wakati wa kiangazi.
La tatu likakutana na masika:
hewa yenyewe imelowa, nani atakauka?
Sisimizi wakalipata kabla yangu.

Bwana Lyatuu, anayefundisha mambo ya vyakula,
mteja wangu wa changu kila Ijumaa,
alisikiliza huku akihesabu chenji.
"Tia gliserini," akasema. "Kidogo tu. Italainika."
Gliserini! Hii hii ninayompaka Haruni miguuni!
Miaka yote chupa iko juu ya dirisha, inanitazama.

La nne nililianzia pembeni, kwa ukucha.
Likaja. Likaja lote,
kama mtoto anayevuliwa shati akiwa usingizini.
Nikaliweka juu ya gazeti
nikasoma bei ya sukari, hadi senti.

Bi Hidaya wa kashata akalishika kwa vidole viwili.
"Ngozi ya nini hii?"
"Magamba ya pono."
"Amechinjwa?"
"Samaki hachinjwi, Bi Hidaya."
Akacheka, akang'ata, akatafuna kwa muda mrefu.
"Mbona halina ladha?"
"Ndiyo kazi yake. Ladha ni ya kashata yako."
Akachukua ishirini, kwa mkopo. Bado ananidai uvumilivu.

Haruni alienda na moja shuleni.
Akarudi hajavua hata viatu:
"Mwalimu kaniuliza karatasi nimetupa wapi.
Nikamwambia nimekula.
Akanifanya nifungue mdomo, mbele ya darasa zima."
"Wakakucheka?"
Akafikiri.
"Wakaomba."
Kisha, akiangalia chini, akifungua kamba:
"Kesho nifungie tatu.
Moja ya yule aliyenipa lile jina."

Sijatajirika. Masika bado yananishinda,
na kuna siku chumba chote kinanuka bandari
mwenye nyumba anagonga kwa fimbo.
Pale Feri bado ni "Mpara, fanya haraka,"
nami nafanya haraka.
Ila siku hizi nakalia tofali.
Ndoo nimeigeuza, mdomo juu.