Vidole Viwili vya Mjozi

Aliingia Jumanne, theluji ingali mabegani,
bunduki ya marehemu kaifunga kwa shuka la maua
kama mtoto anayepelekwa zahanati.
"Wewe ndiye Haugstad, unayepima watu?"
Ndimi. Hapa Tarrow, Montana, mwaka wa thelathini na moja
napima mtu kwanza, silaha baadaye.

Nina daftari. Humo nimezihukumu zote,
si kwa bei, wala kwa majigambo ya wenye viwanda.
Bastola hii fupi: nyepesi mfukoni, katili kiganjani.
Hii ya mtutu mrefu: hodari uwandani,
ila kwenye ujia wa nyumba itavunja kabati la vyombo
kabla haijageuka.
Na ile waliyoipachika tochi, darubini, mpini wa pili:
imepambwa kama bibi harusi, na jikoni haingii.

Ottilie Brandvold hakutaka kusikia daftari.
Alitandua shuka. Ya marisau, mitutu miwili sambamba,
ya Selmer, mumewe, aliyezikwa Oktoba.
Ijumaa usiku, alisema, mtu alijaribu kitasa cha mlango wa nyuma.
Mara mbili. "Kwa adabu. Kama anayeuliza."
Kisha nyayo, hadi barabarani.
"Sherifu yuko maili arobaini. Mbwa amekufa."

Nikaikunjua, nikamwonyesha matundu yote mawili: tupu.
Akaiinua.
Kitako kikalipita bega, shingo ikarefuka kama ya bata mzinga,
mitutu ikaanza kutafuta dari.
Selmer alikuwa mtu wa kuinama milangoni.
Silaha ya mwingine ni kiatu cha mwingine:
kwenda utakwenda, lakini usikutane na jiwe.

Nikamletea nyingine, mpya, ndogo, yenye raba begani.
Hata hakuigusa.
"Sitaki mpya. Nataka hii inifike."

Basi nikapima, kiwikoni hadi kidole cha shahada,
nikachora mstari kwa penseli. Vidole viwili.
Mjozi ukikatwa baada ya miaka sitini
bado hutoa harufu, kama una jambo ulilosahau kusema.
Nilikata pale palipopauka kwa jasho la koti lake,
misimu yake yote ya bata,
na nakiri msumeno ulisita, au mimi.
Kisha msasa. Kisha raba. Kisha mafuta ya kitani,
siku nne, tone kwa tone, kwa kidole gumba.

Nyuma ya duka nina tuta la udongo na boksi la kulenga.
Risasi ya kwanza ilimpiga teke, akatoa neno
ambalo mwanamke wa kwaya ya Kilutheri halitoi.
Ya pili alicheka.
Ya tatu hakutukana, hakucheka,
na hapo nikajua imemfika.

Nikampa yale ninayowapa wote, bure:
iwe ndani ya kabati la chuma, risasi kwenye droo jingine.
Funga mlango. Washa taa. Piga simu.
Bunduki ni neno la mwisho, Ottilie,
usianzie nalo sentensi.

Alilipa noti kwa noti. Kisha akainama kwenye takataka za mbao.
"Kile kipande kiko wapi?"

Aprili nilipita kununua mayai.
Kabati la chuma liko nyuma ya makoti, limefungwa,
lina vumbi la kutosha kuandika jina.
Na chini ya mlango wa nyuma, kimerandwa upande mmoja,
kimekaa kile kipande cha mjozi. Kabari.
Akakigonga kwa kisigino.
"Usiku anashika mlango," alisema.
"Asubuhi namsogeza, naenda kwa kuku."

Usiku ule niliongeza mstari daftarini:
Kabari, mjozi mkongwe, vidole viwili.
Haina teke. Haihitaji kulengwa. Inashika.
Bei: sikumtoza.