Mto wa Kulalia

Tulipomzika mama, dada yangu Verna alichukua saa ya ukutani,
mimi nikachukua mto.
Mto wa kulalia, si wa kuvuka,
ingawa usiku huu nimekaa ukingoni mwake
na sijui ng'ambo nitafikaje.

Foronya imebadilishwa mara nyingi, mama alisema,
manyoya kamwe.
Yalitoka kwa Eliakim, babu wa babu wa babu yake,
aliyekwenda kisiwani na sufuria ya chuma
akarudi na magunia.

Kisiwa hakina mti. Hata kichaka.
Ni jiwe tu katika bahari ya Newfoundland,
makasia na ukungu hadi mikono ife ganzi.
Hapo walikaa ndege weusi mgongoni, weupe kifuani,
wasioruka,
wenye yai moja kwa mwaka, moja tu,
wameliacha juu ya mwamba mtupu
kama mtu aachaye amana kwa jirani.
Wakajengewa zizi la mawe. Wakaswagwa.
Walitembea wima, taratibu, kama waumini waendao ibadani
(ndivyo nilivyosimuliwa, mimi sikuwako)
hadi kwenye marungu.

Na kwa kuwa hapakuwa na kuni,
chini ya sufuria waliwekwa ndege.
Nilirudia kuuliza, mama akarudia kusema.
Walikuwa na mafuta, waliwaka vizuri.
Ndege motoni, ndege katika maji ya moto,
na Eliakim katikati, ananyonyoa.

Mabaharia waliwaita pengwini.
Walipokwisha, jina likabaki bila mwenyewe,
likapelekwa kusini, akavishwa ndege mwingine
kama koti la marehemu.

Husemwa, asiyekuwapo na lake halipo.
Lake lipo!
Limeshonwa pembe nne,
nimelilalia tangu meno ya utoto
usingizi wa pono.

Usidhani namsuta Eliakim peke yake.
Baba yangu, Ambrose, alivua chewa miaka thelathini
na kila alipotia nanga alisema: hawa hawaishi.
Alisema hivyo Juni, nikimsikia.
Julai serikali ikaifunga bahari,
na mikono yake ikakaa juu ya meza ya jikoni
kama vyombo vya kuazima.
Chewa tulimla sisi, mimi na Verna, na siagi,
tukalamba vidole.

Hakuna aliyekusudia. Kila mmoja alijaza gunia lake.
Hakuna aliyesema, huyu niliyemshika shingo ndiye wa mwisho,
maana ndege wa mwisho hafanani na wa mwisho.
Anafanana na ndege.

Bwana mmoja wa makumbusho alikuja kutoka mjini,
akaomba unyoya mmoja akaupime.
Nilimpa mitatu. Barua haijafika.
Huenda ni bata tu. Huenda Eliakim alikuwa mwongo,
mtu wa majigambo, hakufika kisiwani kabisa,
na mimi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na sita,
namwombea babu yangu awe mwongo.

Jana Tamsin, binti wa Verna, ana miaka saba,
aliuning'iniza mto kwenye mizani ya samaki ya marehemu babu yake.
Kilo moja na robo.
"Hao ni ndege wangapi, mama mkubwa?"
Nikasema sijui.
Akaanza kuhesabu kwa vidole. Vikaisha.
Akavua soksi, akaendelea na vya miguu,
akafika kumi na saba, kumi na nane,
kisha akalala palepale,
shavu juu ya mto, mdomo wazi.

Nilisimama nimeshika pembe moja.
Ningeuvuta, angeamka.
Nikazima taa.