Mtengenezaji: Hajulikani

Ghala la chini, upande wa nyuma, taa moja inakatakata.
Mtumbwi umelazwa juu ya vyuma viwili
kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina.
Kadi yake naijua kwa moyo, nimeinakili mara tatu:
*Mtumbwi wa gogo moja. Mto Tana. Mita tano na robo.
Mtengenezaji: hajulikani.*

Habwoya hakuja kwa ajili yake.
Alitoka Gikomba kupima rafu mpya,
futikamba mfukoni, penseli sikioni,
fundi wa vitanda vya wapangaji wa Majengo na Shauri Moyo.
Akapita. Akarudi. Akavua kofia.

Aliubisha kwa kifundo cha kidole, ncha hadi ncha,
ngo, ngo, ngo,
akisikiliza kama daktari wa kifua.
"Hapa unene ni vidole viwili. Hapa vitatu.
Hapa alichoka, au mvua ilimkuta."

Nikamuuliza upande upi ni wa mbele.
Akacheka. "Mbele ni unakokwenda.
Kule hakuna nafasi ya kugeuza chombo;
anayegeuka ni mtu, na upondo wake."

Akanionyesha vijiti ubavuni, vinene kama njiti ya kiberiti.
Miaka tisa nimeviandika *matundu ya wadudu*.
Fundi hutoboa kutoka nje,
hupigilia kijiti cha urefu anaoutaka,
kisha huchimba kutoka ndani, tezo ikila gogo,
mpaka kijiti kichungulie.
Kijiti kikisema basi, ni basi.

Tumbo bapa, halina mkuku,
kwa kuwa Tana huweka fungu la mchanga
pale ambapo jana palikuwa na kina.
Ulibeba ndizi, mpunga, wagonjwa wa homa,
na bibi harusi mmoja aliyekataa kuketi.
Mto ukihama (na huhama usiku, kama mpangaji mwenye deni)
mtumbwi hubaki bondeni, mbuzi wakanywea humo.

Kisha akanyamaza. Kidole kikapita ndani,
kwenye alama za tezo, zote zimeinamia upande mmoja.
"Huyu alikuwa mashoto."
Akaukunja mkono wake wa kushoto,
ule ule aliouandikia vipimo vya rafu,
asiongeze neno.

"Mnaunywesha?"
Sikuelewa.
"Kwetu mtumbwi usio na safari huzamishwa,
ukalala chini ya maji, mawe tumboni, usipasuke."
Nikamweleza habari za mashine ya unyevu ukutani,
asilimia hamsini, ukungu, mchwa, kanuni.
Akautazama ufa, mrefu kama mkono wangu.
"Haya," akasema.

Rafu alizileta wiki mbili baadaye, pungufu mbao mbili.
Mvua ya Aprili ilikuwa imeuingiza Mto Nairobi kibandani mwake
pamoja na viatu, magunia, na mlango wa mtu;
ulipotoka, ukatoka nazo.
"Zimesafiri bila fundi," alisema, na hakutoza.

Jioni nikaitoa kadi.
Sisi huandika kwa penseli, ili kosa lifutike.
Nikafuta neno moja, nikaandika: *mashoto*.

Mkuu wa idara akataka ushahidi.
Nikamwambia auweke mkono wake wa kulia
ndani, kwenye alama zile.

Haukukaa.