Usukani wa Kulia

Gari la Zihalirwa lilizaliwa Japani,
usukani wake uko kulia,
na huku kwetu magari hupita kulia,
kwa hiyo dereva analiona ziwa vizuri sana
na haoni lori la mbele linaficha nini.
Anayekaa kushoto ndiye macho yake.

Asubuhi ile Bukavu, matope ya Kadutu bado mabichi,
tulijipanga kama zamani, bila kuulizana:
Kahindo na mimi nyuma,
katikati yetu beseni la vitenge vya harusi ya binti yake,
na mbele, kushoto, Mugisho,
ambaye hajasemezana na Zihalirwa
tangu mwaka ule wa mabati.

Mabati thelathini. Sitaeleza.
Kila mmoja ana hesabu yake.
Nimezisikiliza zote mbili, jikoni huku na jikoni kule,
na zote mbili zinatoka sawasawa.

Mpaka Kavumu, kimya. Katana, kimya.
Kahindo alihesabu mashimo, akafika mia, akaacha.
Kule majini Ijwi imekaa katikati
kama mtu aliyeitwa kusuluhisha
akaishia kunywa chai.

Baada ya Kabamba tukalikuta lori la makaa,
watu juu ya magunia, kuku juu ya watu.
Likatulisha vumbi kilomita nne.
Zihalirwa akasogea kushoto, akarudi.
Akasogea, akarudi.
Niliona shingo yake ikimeza mate.
Kuuliza ni kuanza,
na yeye alikuwa ameapa hataanza.

Mugisho akateremsha kioo, akatoa kichwa.
«Subiri.»
Neno la kwanza, miaka tisa.
Pikipiki ikapita, nyingine, kisha chikudu
yenye shehena ya mbao na kijana anayepiga mluzi.
«Subiri.»
Halafu, kama mtu anayesoma barua isiyo yake:
«Pita.»

Akapita. Hakuangalia; angeangalia na nini?
Alikanyaga mafuta kwa macho ya mtu
aliyemwita mwizi mbele ya wakwe zake.
Kahindo alinishika goti.
Alama ya kucha ninayo bado.

Kutoka Kalehe hadi Nyabibwe ndiyo yalikuwa mazungumzo:
subiri, pita, ng'ombe, shimo, shimo tena,
kizuizi, andaa mia tano,
pita.
Nimewahi kusikia ndoa zenye maneno machache kuliko hayo.

Minova tukasimama kula sambaza,
za moto, juu ya jani la mgomba, na pilipili ya kutoa machozi.
Mama muuzaji akauliza nani analipa.
Mugisho alilamba kidole, hakuinua uso:
«Alipe huyu. Nitakata kwenye mabati.»

Hata nzi walitulia.
Kisha Zihalirwa akacheka,
kile kicheko chake cha mbuzi
kilichomfukuzisha darasa la hesabu mara ngapi sijui,
akacheka mpaka akapaliwa, Kahindo akampiga mgongo.
«Kwa bei ya sasa,» akauliza, «au ya wakati ule?»

Hakuna aliyejibu.
Msidhani walipatana. Sake tulipita kimya tena,
mawe meusi huku na huku, jua linaondoka,
na mimi nikiogopa kukohoa.

Goma, kwa Kahindo, geti ni jembamba
na ukuta ni wa mawe ya volkano, haumsamehe mtu rangi ya gari.
«Kushoto kidogo,» akasema Mugisho. «Kidogo tena. Simama.»
Akasimama.
Kumbe amesimama karibu mno: mlango wa kushoto haufunguki.
Ikabidi Mugisho ajikokote juu ya gia na usukani,
mzee wa miaka hamsini na tisa, suruali imenasa,
na Zihalirwa nje, ameushikilia mlango,
anatazama pembeni kwa heshima.

Jumapili tunarudi.
Ziwa litakuwa upande wa Mugisho.