Ufunguo wa Choo

Ulining'inia kwenye msumari
nyuma ya kiti cha Bwana Tungaraza,
umefungwa kwa uzi wa nyavu kwenye kipande cha ubao
kirefu kama mkono wa mtoto.
Ili usipotee, alisema.
Ili kila mtu aone nani anautaka.

Nkwimba alikuwa mpimaji wa mabondo.
Si minofu; mabondo, vile vifuko vya pumzi ya sangara
vinavyosafiri mbali kuliko sisi sote.
Alilipakata bondo kiganjani kabla ya mizani
akakutajia gramu zake.
Akikosea, mbili. Akichoka, tatu.

Sijui kosa lake. Nimelitafuta.
Labda siku ile aliposema mizani imelegea
na wageni wamesimama pale pale.
Kesho yake stuli yake ikahamishwa,
ikaenda kukaliwa na maboksi.
Kisha likaja jina: "Niitie yule Kibofu."
Tukacheka.
Na mimi nilicheka, acha niliandike hapa.
Kwa meno ya mbele tu,
lakini nilicheka.

Kila alipoomba ufunguo, bwana alitazama saa.
"Tena, mama? Au kimetoboka?"
Kwa upole. Hakuwahi kupaza sauti,
na hapo ndipo ulipokuwa ugumu:
utashtaki nini ofisini? Upole?

Basi Nkwimba akaacha kunywa maji.

Hebu fikiri. Igogo.
Ziwa lote lile, linalonywesha nchi tatu,
linapiga ukuta wa nyuma wa choo chenyewe,
na mwanamke amesimama upande huu
midomo imempasuka kama tope la Oktoba.

Yeye hukaa juu Mabatini,
kule nyumba zilikokwea majabali
kama zilizokimbia kitu.
Ngazi mia na kumi na mbili, alizihesabu mwenyewe,
akizipanda na ndoo kichwani na umbea mdomoni.
Mwezi wa tatu alipumzika mara moja.
Mwezi wa sita mara nne,
akijifanya anaangalia meli ya Ukerewe inavyotoka.
Dada yake akaniambia: usiku anasema usingizini.
Anasema nini?
Anaomba ruhusa.

Kisha vidole.
Bondo moja alilikosea kwa gramu kumi na moja,
akaliweka mezani taratibu
kama mtu aliyemwangusha mtoto wa watu.

Bugando walimpima presha mara mbili,
mara ya pili wakabadilisha mashine.
Figo nazo zilikuwa na maneno yao.
Daktari, kijana, mwenye macho ya zamu mbili mfululizo,
alimjazia fomu: umri, kazi, mzio, chumvi.
Hapakuwa na mstari wa kuandika nani.
"Punguza mawazo, mama," alisema,
"na maji. Kunywa maji mengi. Lita tatu kwa siku."
Nkwimba akacheka.
Alicheka mpaka muuguzi akaja kumshika mabega,
na hata hapo haikujulikana mara moja
kwamba kicheko kilishageuka.

Sasa yuko nyumbani. Anauza vitumbua, siku anazoweza.
Stuli imerudi, maboksi yameondolewa,
nami ndiye niliyekalishwa juu yake.
Mabondo siyajui kwa kiganja. Nayapima tu.

Leo asubuhi nilikuja na chupa ya maji.
Nikainywa yote nimesimama,
mbele ya meza yake, funda kwa funda,
sijui nikimwonyesha nani.
Saa nne nikaufuata msumari.
"Tena?" akauliza, kwa upole,
na ilikuwa mara ya kwanza.

Ubao ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.
Ukumbi ukanyamaza, namba za mizani zikacheza zenyewe.
Nilisikiliza watakaocheka.
Alicheka mmoja tu, kule pembeni,
kifupi, kwa meno ya mbele.
Sikugeuka kumtazama.
Nakijua kile kicheko.