Wimbo wa Tisa, Katuba

Kuta tulizifunika kwa magodoro ya kukopa,
moja bado linanuka mkojo wa kitoto cha Mama Kabamba.
Ngoie wa Kikondja akaja na gita lenye ufa
na nyimbo tisa katika daftari lililolowa.
"Zimetoka kwenye kinamasi zikiwa hivyo," alisema.
"Usizianike."

Umeme wa Katuba unajulikana.
Siku ya pili tukawasha jenereta nyuma ya nyumba,
ikaunguruma ndani ya kila maikrofoni.
Niliichimbia shimo, nikaizungushia magunia ya mchanga;
bado ilisikika, kama mgeni anayekohoa kusudi.

Yeye hakugombana nayo.
Alitega sikio, akalegeza uzi baada ya uzi
mpaka gita likashuka, likaketi
palepale jenereta ilipoketi.
Sauti ikawa nzito, ya matope ya Upemba,
ya mguu unaong'oka kwenye mafunjo
na kiatu kubaki.

Nyimbo nane tukazimaliza hivyo, petroli kwa deni.

Usiku wa wimbo wa tisa umeme ukarudi. Mtaa ulishangilia.
Nikazima mashine. Kimya safi,
kile nilichokiota tangu nilipouza pikipiki.
Aliimba ubeti mmoja, akasimama.
"Unaelea," akasema. "Hauna chini."

Nikahesabu franga zilizobaki: za bukari, au za petroli.
Majirani walitoka kunitazama, taa zao zinawaka,
nami navuta kamba ya jenereta
kama mwehu.